Nyumba Mpya Nayo Inakaguliwa: Maswali Yenu na Majibu

Tangu tuguse kidogo habari ya nyumba za kujengwa na kuuzwa, maswali yamemiminika. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua machache yanayobeba mengine. Barua nimezifupisha, na majina sitaji maana wengine bado wako kwenye mazungumzo na wauzaji.

SWALI (Madale, Dar es Salaam): Injinia habari za kazi. Mi na mume wangu tumepata nyumba Madale, vyumba vitatu, mpya kabisa hajakaa mtu, kuna jamaa anajenga anauza. Tumetoa hela kidogo ya kuishikilia. Nilitaka tulete mtu aikague lakini dalali anasema nyumba mpya haina ubovu, na eti mthamini wa benki ameshapita na kuipitisha. Mume wangu naye anaona ni kutupa hela. Tukague au tuache? Na kama ni kukagua tunamtafuta nani?

JIBU: Dada yangu, kagueni. Shemeji mwambie nimesema mimi, anichukie mimi.

Tuanze na huyo mthamini maana ndo anawachanganya wengi. Mthamini wa benki ametumwa na benki kujua kitu kimoja tu, kwamba siku mkishindwa kulipa na nyumba ikipelekwa mnadani, hela yao itarudi au hairudi. Anaangalia eneo, ukubwa, hati, barabara, madirisha ni ya nini, anapiga picha anaondoka. Hapandi darini, hafungui chemba, hafungulii bomba akasubiri kuona kinachovuja. Akiandika milioni kadhaa hajasema nyumba ni imara, amesema soko linaipa bei hiyo. Ni kazi mbili tofauti kabisa na kila mtu ana bodi yake, wathamini wana yao na wahandisi wana yao.

Halafu hili la nyumba mpya haina ubovu, jamani. Nyumba iliyokaa miaka kumi imeshapigwa na masika kumi, kama paa linavuja alama utaiona kwenye dari, kama msingi umecheza ufa utauona ukutani, haiwezi kukuficha. Mpya imepigwa rangi wiki iliyopita na haijanyeshewa hata mara moja, sasa hapo macho yako wewe mnunuzi yatakusaidia nini? Na anayejenga ili auze haji kulala humo. Sisemi wote ni matapeli, wapo wanaojenga vizuri sana tena kuliko mtu anavyojijengea mwenyewe, ila kila mfuko wa saruji asioutumia ni faida yake, na vitu vinavyopunguzwa ni vile visivyoonekana: nondo ya mm 12 inakuwa ya mm 10, mfuko mmoja uliotakiwa kutoa tofali 30 au 35 za nchi 6 unatoa 50 na ushee, zege linamwagwa leo na kesho hakuna anayelimwagilia maji.

Mtu wa kumtafuta ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Kama mnataka pia hesabu ya gharama za kurekebisha, basi muongeze mkadiriaji majenzi, hao tunaowaita QS, wao wako AQRB pamoja na wasanifu. Muombeni namba ya usajili na muihakiki kwa bodi yenyewe, msiridhike na muhuri. Fundi mzuri wa mtaani mnaweza kwenda naye kama jicho la ziada, ila ripoti ya fundi haitawasaidia mkifika kwenye kubishana. Na tafadhali asiwe mtu aliyeletwa na dalali. Dalali anakula mkinunua, mkiacha hali.

Mkishampata andikishianeni hata kwa ukurasa mmoja: atakagua nini na nini (msingi kadiri unavyoonekana, kuta, paa na darini, umeme, maji, choo na mashimo yake, mifereji ya nje), ripoti ina picha, inatoka lini. Siku ya kwenda maji yawe yanatoka na luku iwe imefungwa. Nyumba isiyo na maji wala umeme haijakaguliwa, imetembelewa. Nendeni mchana na nyie muwepo, msimtume peke yake, maana nusu ya faida ni yale anayowaonyesha kwa kidole.

Kabla ya siku hiyo muombeni muuzaji vitu vitatu, yaani michoro, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na picha. Hizo picha watu huwa wanazisahau. Siku hizi hakuna anayejenga bila kupiga picha, kila hatua iko kwenye WhatsApp, msingi ukiwa wazi, nondo zikiwa zimesukwa kabla ya zege, mkanda, kenchi kabla ya bati. Injinia akiona picha ya nguzo na ringi zake kabla hazijafunikwa anajua mengi kuliko angegonga ukuta siku nzima. Muuzaji mwenye picha mia za sebule na jipsam lakini hana hata moja ya msingi, muulizeni kwa upole imekuwaje.

Sasa nikuonyeshe na wewe mwenyewe unachoweza kukiangalia. Anza bafuni. Chukua ndoo ya maji mwaga yote sakafuni kwa mara moja halafu simama. Maji yanatakiwa kukimbilia kwenye tundu lenyewe bila kusukumwa. Yakituama kona, au mabaya zaidi yakigeuka kuelekea mlangoni, basi mteremko haukupigwa na dawa yake ni kubomoa marumaru zote, hakuna njia ya mkato. Kisha chukua sarafu ya shilingi 200 gonga marumaru moja moja, sakafuni na ukutani. Iliyoshikwa vizuri inatoa mlio mzito mfupi, iliyo na uwazi chini inalia kama kikombe kitupu, hizo ndo zitakazopasuka mkiweka kitanda au mtungi wa gesi juu yake. Piga chaki zile zinazolia. Ukimaliza chumba utashangaa. Rudi tena sebuleni utazame ukuta kwa ubavu na tochi ya simu, mwanga ukipita pembeni mawimbi yote ya lipu yanatokea.

Darini aingie mtaalamu: kenchi zimepishana umbali gani, mbao zimetiwa dawa ya mchwa au ni mbichi za kupinda, bati ni geji ngapi (28 ni nene kuliko 30, wengi wanadhani namba kubwa ndo bora). Kwenye umeme aangalie ethi rodi (chuma cha kupeleka umeme ardhini) ipo kweli au waya umechomekwa tu ardhini, na kwamba soketi zimevutiwa waya wa mm 2.5 na sio ule wa taa. Nje fungueni chemba zote, mmoja amwage maji jikoni mwingine aangalie yanavyopita.

Na kwa vile ni Madale, kuna la vilima. Huko, na Goba na Salasala vilevile, viwanja vingi vimechongwa, upande mmoja umekatwa na udongo wake ukajazwa upande wa pili, sasa nyumba nusu imekaa kwenye ardhi ya asili na nusu kwenye kifusi. Kifusi kisiposhindiliwa kwa tabaka kinashuka, na nusu ya nyumba inashuka nacho. Muulizeni injinia swali hilo hasa. Kama kuna ukuta wa kuzuia udongo nyuma, uwe na matundu ya kutolea maji, la sivyo masika moja mbili utakuja kuwaangukia.

Ripoti ikitoka msiende nayo kama mashtaka. Mnakaa na muuzaji mnagawa: haya arekebishe kabla, haya tupunguze bei, haya madogo tutafanya wenyewe. Halafu injinia arudi kuhakiki yaliyorekebishwa, mlipatane naye safari hiyo toka mwanzo. Hela ya mwisho isitoke kabla. Mkataba wa mauziano uweke kipindi cha matazamio, yaani muda ambao muuzaji bado anawajibika kurekebisha kasoro zinazojitokeza, kwa mikataba ya ujenzi hapa kwetu mwaka mmoja ni kawaida, kiasi fulani kikabaki mikononi mwenu au kwa wakili mpaka kiishe. Muuzaji atakataa mwanzoni, ni haki yake kukataa, nyie bakini hapo hapo. Wakati hela bado iko kwenu mnasikilizwa vizuri sana, simu inapokelewa mlio wa kwanza.

SWALI (Kibaha): Shikamoo mzee. Nanunua nyumba ambayo kiwanja kimepimwa na bikoni zote nne nimeonyeshwa. Bado nahitaji sarveya?

JIBU: Marahaba. Unamhitaji, na yeye sio mbadala wa injinia, ni wa pembeni. Bikoni uliyoonyeshwa inaweza kuwa imehamishwa au ni ya kiwanja cha jirani. Mpima ardhi aliyesajiliwa anachukua ramani iliyoambatanishwa kwenye hati, anaenda na kifaa chake anasoma bikoni moja moja kama namba na vipimo vinaoana, na anakwambia kama nyumba yote iko ndani ya mipaka au choo na uzio viko kwa mwenzio au kwenye hifadhi ya barabara. Kazi ya siku moja. Ambatanisha na upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kujua mwenye jina ni nani na kama kuna benki inaidai, na kama muuzaji ana mke au mume basi ridhaa yake iwe ya maandishi.

Kwa vile uko Kibaha nikuongezee. Sehemu za huko zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndo maana nyumba ndogo za chini zinapasuka bila kubeba mzigo wowote wa ghorofa. Ukienda angalia nyumba za majirani zilizokaa miaka, ukiona nyufa za ngazi ngazi zinafuata tofali kutoka kona za madirisha kwenye nyumba tatu nne, tatizo ni la ardhi na sio la fundi mmoja. Hapo injinia wako aulize msingi umeshuka kina gani na umewekwa nondo au ni mawe matupu.

SWALI (Mombasa): Hujambo. Nimenunua apatimenti Bamburi ikiwa bado kwenye ramani, nalipa kidogo kidogo, sasa wanasema iko tayari nimalizie nipewe funguo. Nimeomba kuingia na mtu wangu wa kukagua wakanijibu hawaruhusu mgeni saiti kabla ya malipo yote kukamilika, kwa ajili ya bima. Wakili wangu asema mkataba hausemi lolote. Nifanyeje?

JIBU: Sijambo dada. Mkataba usiposema lolote hapo ndipo pagumu, lakini kutokusema sio kukataza. Mwambie wakili awaandikie barua kuomba ukaguzi wa pamoja, wewe, mkaguzi wako na mtu wao wa saiti, mkaguzi avae kofia na viatu na asaini wanachotaka kusaini. Hoja ya bima ikishajibiwa hivyo huwa inayeyuka, na ikiwa haiyeyuki basi umejua unafanya biashara na nani.

Kabla ya hapo kuna karatasi uombe, na hizi hazihitaji kuingia saiti. Cheti cha kaunti kinachoruhusu jengo kukaliwa na watu. Usajili wa mradi NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa. Na uthibitisho kwamba hati ya nyumba yako peke yake inatoka, chini ya ile sheria ya Sectional Properties ya mwaka 2020, maana apatimenti bila hati yake umenunua ahadi. Jengo kudai liko tayari na cheti cha kaunti hakijatoka, hiyo "tayari" ni ya kwao.

Mkiingia msikague nyumba yako tu. Wewe umenunua na sehemu ya paa, ngazi, lifti, jenereta, tenki la juu na shimo la maji machafu. Kule pwani fungua bomba uonje maji, nasema kweli, yaonje. Kama ni ya kisima na yana chumvi, mabomba ya chuma, hita ya bafuni na mixa za kung'aa hazina maisha, na kila mwezi utachangishwa kutengeneza pampu. Angalia reli za baraza kwa upande wa baharini, kutu ikishaanza kuchungulia kwenye viungo jengo likiwa halijakaliwa, chuma hakikupakwa dawa. Juu ya slabu ya paa kuwe na mteremko na maji yasilale, maana wa ghorofa ya mwisho ndio wanaovujiwa na wa chini wanakataa kuchangia. Orodha ya kasoro muisaini pande zote mbili siku hiyo hiyo, na tarehe ya kumaliza kila moja. Kipindi cha kurekebisha kwenye mikataba ya huko ni miezi 6 au 12, soma wako umeandika upi.

SWALI (Reading, Uingereza): Kaka, sisi tuko huku tunanunua nyumba yetu ya kwanza, mpya, kampuni kubwa. Ina warranti ya miaka 10 na mtu wa mauzo kasema kwa hiyo hamna haja ya sarvei. Wenzetu waliotangulia wanasema tuweke mtu wa "snagging", yule wa kupita na kuorodhesha kasoro za nyumba mpya. Ni lazima?

JIBU: Sio lazima kisheria, ila wekeni. Mtu wa mauzo hajadanganya kuhusu miaka 10, kaacha tu kusema imegawanyikaje. Chukua Buildmark, warranti ya shirika la NHBC la huko, ambayo ndo maarufu: miaka 2 ya kwanza mjenzi ndiye anarekebisha kasoro, kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 10 ni bima inayohusu zaidi mambo makubwa ya muundo wa nyumba. Mlango usiofunga, lipu iliyopasuka, sinki linalovuja, ukikumbuka mwaka wa tatu ni juu yako. Ukaguzi wa benki kwa ajili ya mkopo nao huko ni uthamini tu, kama nilivyomjibu dada wa Madale hapo juu.

Wakati mzuri ni nyumba ikiwa imeisha na kabla hamjakamilisha malipo. Muulizeni mjenzi kama amejisajili na New Homes Quality Board, bodi ya ubora wa nyumba mpya, maana kanuni zao zinampa mnunuzi nafasi ya kuleta mkaguzi wake katika hatua hiyo, na mkigombana kuna New Homes Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko. Mwambieni wakili wenu mapema, sio wiki ya kuhama. Mkichelewa au mkikataliwa, fanyeni mara tu mkiingia kabla hamjajaza fanicha, halafu pelekeni orodha kwa maandishi ndani ya ile miaka 2. Wengine wanarudia ukaguzi mwezi wa 22 au 23, sio wazo baya.

Bei ni mamia ya pauni kutegemea ukubwa. Muulizeni kama anapanda kwenye dari, huko ndiko sufi ya kuzuia baridi inakosa vipande na huwezi kuiona mpaka bili ya gesi ije, na kama ni majira ya baridi aje na kamera ya joto. Msidhani kampuni kubwa ni kinga. Mwaka 2019 ripoti huru iliyoagizwa na Persimmon wenyewe, moja ya kampuni kubwa za kujenga nyumba huko, ilikuta nyumba zao za fremu ya mbao zina tatizo la nchi nzima, vile vizuizi vya moto ndani ya uwazi wa ukuta ama havipo ama vimewekwa vibaya. Nje zilikuwa zinapendeza tu.

SWALI (Kigamboni): Mi nimeshanunua na nimeshahamia, huu ni mwezi wa saba tangu ninunue. Ukuta wa chini mpaka usawa wa goti rangi inabanduka na kuna unga mweupe, na juu ya mlango wa nyuma kuna ufa. Nimechelewa?

JIBU: Kwa kujadili bei umechelewa, kwa kurekebisha hapana. Huo unga ni chumvi. Ama mchanga uliotumika ni wa karibu na bahari na haukuoshwa, ama unyevu unapanda kutoka ardhini kwa sababu hakuna karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na Kigamboni vyote viwili mara nyingi vinakwenda pamoja. Usipake rangi tena juu yake, wala usizibe kwa marumaru kama wanavyofanya wengi, unyevu utapanda mpaka juu ya marumaru. Lipu ya sehemu hiyo inatolewa hadi kwenye tofali, ukuta uachwe ukauke, kisha ipigwe upya kwa mchanga safi na dawa ya kuzuia maji, na nje uhakikishe ardhi imeshuka chini ya usawa wa sakafu na maji ya paa hayamwagikii ukutani. Kama karatasi haipo kabisa, injinia akushauri njia ya kuukata ukuta na kuiingiza kipande kwa kipande.

Ufa: chora mstari kwa penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, piga picha na rula pembeni. Rudia kila mwisho wa mwezi, hasa vuli ikianza. Wa unene wa unywele unaobaki pale pale ni wa lipu, ziba upake rangi. Ukipita alama zako, au ukianza kuingiza ukingo wa sarafu, au mlango umeanza kugoma kufunga, muite injinia, sio fundi rangi. Na angalia mkataba wako kama umeandikwa chochote kuhusu kasoro, ni kweli wengi hawaandiki, lakini kama umeandika mwaka mmoja basi una miezi mitano ya kumpelekea muuzaji barua, na barua aisaini kwamba ameipokea.